Kutafuta Sikio Nachingwea na Ruangwa

Ndugu msomaji, safari hii ilianzia kwenye benchi. Mwaka juzi nilimsindikiza shangazi yangu kupimwa masikio katika hospitali moja ya Dar es Salaam, nikaketi kando ya mama mmoja aliyempakata binti wa miaka minne. Nilipomwuliza ametoka wapi akajibu, "Ruangwa." Nilidhani amekuja kuwatembelea ndugu zake na, kwa kuwa yupo mjini, ameona amlete mtoto hospitali. La hasha. Alikuwa amesafiri siku nzima kufuata kizibo cha sikio, kitu kisichozidi punje mbili za karanga kwa ukubwa, na kesho yake alfajiri alikuwa anarudi kwao.

"Ukija kwetu, kaka, utaona mwenyewe," aliniambia.

Novemba iliyofuata nilikwenda.

Ukitaka kwenda huko hapana budi uamke kabla ya jogoo. Basi hulivuka Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003; kabla ya hapo watu walisubiri kivuko, na msimu wa masika walisubiri mno. Kisha hupita Somanga, mahali ambapo mwezi Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara, mabasi yakakwama huku na huku. Karibu na Lindi njia huiacha bahari na kuelekea bara: Mtama, Nyangao, Nanganga, Ndanda, Masasi. Kwako wewe uishiye Dar es Salaam, Mwanza au Tanga haya ni majina ya vituo tu. Kwa watu niliokwenda kuwaona kila jina ni nauli. Nyangao na Ndanda kuna hospitali za misheni zilizokwisha kuwauguza wazazi na babu zao. Lindi kuna Sokoine, Mtwara kuna Ligula. Mtu wa Nachingwea mwenye homa, jeraha au uchungu wa uzazi anajua aende wapi. Asiyesikia huelekezwa mbele zaidi, kisha mbele zaidi, mpaka anajikuta Muhimbili.

Nachingwea ni mji wenye barabara pana kuliko magari yake. Zilipimwa na Waingereza walipoanzisha mpango wao wa karanga mwaka 1947, mashamba makubwa yakiwa Kongwa, Urambo na hapa. Yaliletwa matrekta ya kung'oa misitu, ikajengwa bandari Mtwara na reli ya kuifikisha karanga huko. Mwaka 1951 mpango ulikufa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Baadaye mji huu ulipata heshima kubwa zaidi, kwani wapigania uhuru wa FRELIMO walikuwa na kambi yao hapa, na Samora Machel aliishi na kufundisha vijana wake katika ardhi hii hadi uhuru wa Msumbiji mwaka 1975. Lakini karanga haijasahauliwa. Wazee wa hapa wanakifahamu vema kitu kiletwacho kwa kishindo, kikaharibika, na fundi asionekane.

Mmoja wa wazee hao alinikaribisha chini ya mwembe wake. Nilimwamkia "Shikamoo, mzee" mara mbili, naye akaendelea kuwatazama kuku. Mjukuu wake, kijana wa darasa la sita, akamgusa bega. "Marahaba!" alijibu kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Ujanani mzee huyu alifanya kazi kiwandani, katikati ya mashine, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyempa kitu cha kuziba masikio. Sasa ana milio kichwani mchana na usiku, "kama nyenze wa kiangazi." Anasema anasikia. Kwa hakika ndivyo: anasikia kwamba mtu anaongea, ila maneno hayaokoti. Jambo hili familia nyingi hazilielewi, zikamwona mzee mkaidi asikiaye anapotaka tu. Kelele za miaka mingi na uzee huua kwanza usikivu wa sauti nyembamba, na sauti hizo ndizo zibebazo herufi kama s, f, t na sh. Mtu hubaki na irabu, kama anayesoma barua iliyonyeshewa mvua. Kumpigia ukelele hakumsaidii; kumkabili uso kwa uso na kusema taratibu humsaidia zaidi.

Wataalamu wanasema kelele ya desibeli 85 kwa saa nane kila siku yatosha kuanza kuharibu sikio, na kiwango hicho mashine nyingi za viwandani hukipita bila jasho. Msomaji ufanyaye kazi kwenye vinu, karakana au kiwanda cha nguo, usidhani kuwa mlio unaousikia ukifika nyumbani ni uchovu tu.

Mwanawe aishiye mjini alimletea kifaa kidogo kilichonunuliwa barabarani, kisichopimwa na mtu. Kilikuza kila kitu kwa pamoja: jogoo, sufuria, upepo. Mzee alikivaa siku tatu. Sasa kimo ndani ya kopo la kahawa, na alinionyesha kopo lenyewe kwa cheko. Hana chuki na mwanawe, lakini hatakivaa tena, na nadhani hata kifaa cha kweli kikiletwa leo itabidi kwanza abembelezwe.

Hospitali alikwenda. Hospitali gani si neno, kwa maana aliyoyakuta yangeweza kumkuta popote. Aliandikishwa, akaambiwa aketi asubiri jina. Majina yaliitwa dirishani. Akaketi hadi adhuhuri, akiwatazama waliokuja nyuma yake wakienda na dawa zao. Tangu siku hiyo hatoki bila mjukuu, na siku ambayo babu ana kliniki mjukuu haendi shule.

Jambo moja lilinishangaza. Nachingwea, Ruangwa na Liwale wanauza korosho zao kupitia chama kikuu cha ushirika, RUNALI, na bei hupatikana mnadani. Zamani barua za wanunuzi zilifunguliwa na kusomwa kwa sauti mbele ya wakulima, wakulima wakakubali au wakakataa. Mzee alikuwa akinyosha kiganja, mjukuu akamwandikia bei kwa kalamu, na mara nyingi alipokwisha kuisoma wenzake walikuwa wamekwisha kupiga kelele za kukubali. Siku hizi mnada huendeshwa kwa mtambo wa Soko la Bidhaa, na ghalani kwao tarakimu huonekana kwenye skrini. Hapana aliyemfikiria yeye wakati wa kuweka skrini ile. Hata hivyo ndiyo kitu pekee, katika miaka yote ya uziwi wake, kilichomrudishia nafasi miongoni mwa wenzake. Nilijiuliza ni gharama gani kuandika majina au namba kwenye ubao pale dirishani hospitalini. Chaki inauzwa hata Nachingwea.

Nilitoka kwa mzee nikaingia kwa fundi cherehani. Yeye ni kiziwi tangu utotoni, alisoma shule ya viziwi mbali na kwao, anashona magauni ya shule yaliyonyooka kuliko ya mafundi wengi wa Kariakoo. Tulizungumza kwa kuandikiana nyuma ya kitabu cha stakabadhi. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Nilimwuliza habari za kliniki alipokuwa mjamzito, akaandika kwamba hapakuwa na mtu aliyejua Lugha ya Alama, na nesi alikuwa na watu wengi, hakuwa na nafasi ya kuandikiana. Alimchukua mdogo wake wa kiume, kijana wa miaka kumi na tano, amtafsirie.

Akasita, kisha akaandika: "Mengine sikuyasema."

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inazitaja haki zake, na Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimekuwa kikidai wakalimani tangu miaka ya 1980. Nawe msomaji fikiri tu: ni mangapi ungemwambia daktari kupitia kinywa cha mdogo wako?

Kutoka Nachingwea nilivuka kwenda Ruangwa. Wilaya hii ilizaliwa mwaka 1995 ikimegwa kutoka Nachingwea, na tangu hapo imekua kwa haraka. Wapenzi wa mpira wanaifahamu kwa Namungo, wafanyabiashara kwa ufuta, mbaazi na madini ya kinywe. Mbunge wake wa miaka mingi, ndugu Kassim Majaliwa, alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 2015 hadi 2025. Mji una benki, una uwanja wa mpira. Yule mama anaishi kijijini, mwendo wa bodaboda kutoka mjini, na alinipokea kana kwamba tulionana jana.

Binti yake alizaliwa mzima. Akiwa na mwaka mmoja na nusu alikuwa akisema "mama," "maji" na jina la mbwa. Kisha akaugua uti wa mgongo. Alipona, watu wakashukuru, naye akawa mtoto mkimya. Zahanati waliyoiendea waliangalia sikio, wakampa dawa ya matone. Nyanya mtu alisema babu yake naye alichelewa kusema. Mganga akapewa kuku wake. Mwishowe wakafika kwenye kituo kikubwa, na hapo mhudumu alisimama nyuma ya mtoto akapiga makofi. Mtoto akageuka. "Anasikia huyu, mama, nenda nyumbani."

Mtoto aligeuka kwa sababu mikono ikipigwa karibu na kisogo hutoa upepo, na mtoto asiyesikia ana macho na ngozi vya kuwashinda sisi sote. Huona kivuli, huhisi mtikisiko wa sakafu. Sikio hupimwa kwa mashine itoayo sauti zinazojulikana kipimo, katika chumba kilichotulia, na mtu aliyefunzwa kuisoma. Kwa kofi lile mtoto alipoteza mwaka na nusu. Na baada ya uti wa mgongo muda ni ghali kuliko kawaida, kwa sababu kile kiungo cha ndani ya sikio, kilichojizungusha kama konokono, huweza kuanza kuziba kwa mfupa. Muhimbili walianza mwaka 2017 kuwapandikizia watoto vifaa vya kusikia ndani ya sikio, upasuaji ambao awali ulipelekwa ng'ambo, na walio wadogo ndio hufaidika zaidi. Mama huyu alipopata kusikia habari za upasuaji huo, binti alikuwa amekwisha kutimiza miaka minne.

Walimpa shimesikio mbili, moja kwa kila sikio. Alilipiwa na wafadhili, na mama anawaombea dua kila siku. Lakini, ndugu msomaji, hapa ndipo palipo na shida ambayo sikuijua mpaka nilipokaa uani kwake.

Shimesikio haishiki sikioni yenyewe. Hushikwa na kizibo kilichotengenezwa kwa umbo la sikio la mwenyewe. Mtaalamu hutanguliza kipande cha sponji ndani, halafu hujaza ute kama ugali mwepesi kwa bomba la sindano. Ukikauka huutoa, nao hutumika kuundia kizibo. Kwa mtu mzima kizibo hudumu miaka. Mtoto anakua, na sikio lake linakua naye. Baada ya miezi michache kizibo hulegea, sauti huvuja, na kifaa huanza kupiga mluzi. Watoto wa jirani walikuwa wakimwita binti huyu "Mluzi." Hapo mama huuza madebe ya mbaazi, hupanda basi kwenda Dar es Salaam, huchukuliwa umbo, hurudi, kisha hurudi tena kukichukua kizibo. Akikuta mtaalamu yuko semina, hurudi mara ya tatu. Mwezi ule wa Hidaya hakuenda kabisa, na mtoto alikaa bila kusikia mpaka barabara ilipopona.

Na kuna betri. Ni vidonge vidogo vinavyofanya kazi kwa hewa: unabandua karatasi yake, unasubiri dakika moja, unaitia. Ukishabandua imeanza kufa, uitumie usiitumie. Hudumu wiki moja, mbili, pengine tatu. Maduka ya Ruangwa yanauza betri za redio, za tochi, za saa. Hizi hayana. Mama amejifunza kuhesabu: kifaa huvaliwa saa za asubuhi, wakati wa kumfundisha maneno, mchana huzimwa. Hebu fikiria mtoto anayegawiwa sauti kama kibaba cha unga.

Shirika la Afya Duniani katika taarifa yake ya mwaka 2021 lilisema watu zaidi ya milioni 430 duniani wanahitaji msaada wa usikivu, wengi wao katika nchi kama zetu, na kwamba karibu asilimia 60 ya uziwi wa watoto ungeweza kuzuiwa: kwa chanjo, kwa kutibu usaha wa masikio mapema, kwa uangalifu wa dawa. Chanjo ya rubela iliingizwa nchini pamoja na ya surua mwaka 2014, na hiyo ni hatua kubwa, kwani rubela ya mama mjamzito huweza kumfanya mtoto azaliwe kiziwi. Ninayaandika haya kwa furaha, lakini hayamsaidii mtoto ambaye amekwisha kupoteza usikivu na anakaa kijijini.

Botswana, katika kijiji cha Otse, waliliona tatizo la betri zamani. Walitengeneza kifaa cha kuchaji betri za shimesikio kwa nguvu ya jua, na miongoni mwa mafundi waliokiunda walikuwa viziwi wenyewe. Jua la Ruangwa si haba, na sioni kwa nini tushindwe.

Mimi si tabibu, na waganga wakuu wanaweza kunikosoa. Walakini baada ya kukaa uani pale sikuona haja ya kudai hospitali kubwa ya masikio katika kila wilaya. Kila mwezi wahudumu wetu hubeba chanjo kwenye masanduku ya barafu hadi vijiji visivyo na zahanati. Huduma ya mkoba, kila mama anaijua. Kuchukua umbo la sikio hakuhitaji daktari bingwa. Kunahitaji mtu mmoja aliyefunzwa, taa ya kuangalia sikio, bomba la sindano na ule ute. Umbo likishakauka laweza kupanda basi lenyewe ndani ya kikasha, na kizibo kikarudi kwa basi lilelile. Kinachosafiri na kiwe kizibo, mtoto abaki nyumbani. Mashine ya kupimia nayo hubebeka. Kama korosho ya Ruangwa inamfikia mnunuzi wa Vietnam, sembuse kijiboksi cha Ruangwa kufika Muhimbili.

Usiku ule mama alinieleza linalomkosesha usingizi, nalo si kizibo wala betri. Ni Januari. Binti atatimiza umri wa darasa la kwanza, na shule ya kijijini haina mwalimu aliyesomea kufundisha wasiosikia. Walimu hao hufunzwa Patandi, Arusha, na si wengi. Zipo shule za viziwi: ya Tabora ilianza 1963, ya Buguruni 1974, na ipo ya Songea, kupitia Masasi na Tunduru. Ni shule za bweni. Huko mtoto angejifunza Lugha ya Alama, angepata wenzake, angeacha kuitwa Mluzi. Baba mtu anasema asubiri, huenda kifaa kikafanya kazi, maneno yakarudi.

"Amekwisha kupata maneno kumi na moja," mama alisema. "Nayahesabu. Akikaa mwezi bila kizibo yanarudi saba." Akanyamaza kidogo. "Nikimpeleka Songea atapata lugha, kaka, lakini hapa nyumbani hakuna aijuaye. Atakuja likizo, ataniambia mambo yake, nami nitamtazama tu. Na siku ya kuchezwa unyago nani atamfundisha? Kule mambo yote ni nyimbo."

Nilimwambia kwamba yeye naye angeweza kujifunza alama, wazazi wengi wamejifunza. Akaniuliza wapi. Nikasema nitaulizia. Jibu hilo, msomaji, lilinitia aibu mara lilipotoka kinywani. Kwa maoni yangu, tena maoni ya mtu asiyelala nyumba ile, binti apelekwe shule, na kifaa aende nacho. Lugha ya mikono haijamzuia mtoto yeyote kusema, na kichwa cha mtoto hakingoji wazee wamalize kikao. Lakini mimi sikumwambia hivyo. Mtu hawezi kula ugali wa mwenyeji wake kisha akampangia mwanawe bweni.

Asubuhi aliniomba jambo moja: betri, paketi sita, nikifika mjini nimtumie kwa kondakta. "Za buluu," alisisitiza, maana rangi ya karatasi ndiyo huonyesha saizi.

Dar es Salaam nilizunguka siku mbili. Duka la kwanza hawakujua ninasema nini. La pili walikuwa nazo zamani. La tatu walikuwa na za rangi ya chungwa, na muuzaji akanihakikishia kwamba ni zilezile, tofauti ni karatasi tu. Nilizilipia, nikampa kondakta wa basi la Ruangwa, nikalala nikijiona mtu mwema.

Kesho yake jioni mama alinipigia simu. Alinishukuru sana, akaniulizia shangazi, akaniulizia safari. Kisha kwa upole wa watu wa kusini akanieleza kuwa zimefika salama, ila ni ndogo, zinacheza ndani ya kifaa. Alikuwa amejaribu kuzikazia kwa karatasi ya sigara.

"Usihangaike, kaka," alisema. "Ninazo mbili za buluu. Nimezificha kwa ajili ya siku ya shule."